Leseni za Ndoa za Uingereza ya Zamani: Jinsi ya Kuzitafuta na Kuzisoma Unapofuatilia Ukoo

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimepata leseni ya ndoa ya mwaka 1768, je, hiyo ndiyo tarehe waliyooana?" "Hati inataja pauni 200, kwa hiyo babu alikuwa tajiri?" "Rejista ya kanisa inasema walioana kwa leseni. Leseni yenyewe iko wapi?" Wanaouliza ni watu wa aina nyingi. Wapo ambao babu yao Mwingereza alifika Kenya au Tanganyika wakati wa ukoloni. Wapo waliooa au kuolewa huko Uingereza, na sasa wanawaandikia watoto wao historia ya upande wa pili. Wote hukwama mahali pamoja, wanapofika nyuma ya mwaka 1837, kabla serikali haijaanza kuandikisha ndoa.

Kabla ya yote shika hili, maana makosa mengi yanaanzia hapa: leseni ni ruhusa ya kuoana. Si ndoa. Mtu aliweza kuchukua leseni Jumatatu na asioe kabisa. Ukiona leseni ukaandika "walioana" kwenye mti wa ukoo, umeandika jambo ambalo hati haikusema.

Kama umekulia kanisani unayajua matangazo ya ndoa: majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi anatakiwa aseme. Kanisa la Uingereza lilifanya hivyo hivyo, na leseni ilikuwa njia ya kuyakwepa matangazo kwa kulipa ada na kula kiapo. Sababu za kuyakwepa zilikuwa nyingi. Bibi harusi alikuwa na mimba na muda hautoshi. Bwana harusi alikuwa baharia au askari mwenye likizo fupi. Mjane mwenye umri mkubwa hakutaka jina lake lisomwe mbele ya kijiji kizima. Wengine walifuata madhehebu mengine na hawakutaka kutangazwa katika kanisa wasilosali, ingawa kati ya 1754 na 1837 sheria iliwalazimu wote kufunga ndoa katika Kanisa la Uingereza, isipokuwa Waquaker na Wayahudi. Tena wapo waliochukua leseni kwa heshima tu, kwa kuwa kutangazwa kulionekana jambo la watu wa kawaida. Basi usikimbilie kusema mwenye leseni alikuwa tajiri. Wakulima, maseremala na washona viatu wamejaa humo.

Nikisema Uingereza hapa nakusudia England, pamoja na Wales iliyofuata sheria hizo hizo. Scotland ilikuwa na sheria zake za ndoa, na mwongozo huu hautakusaidia huko.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Majina ya wote wawili, pamoja na namna mbalimbali ambazo jina la ukoo lingeweza kuandikwa. Tahajia haikuwa imetulia.
- Mwaka wa kukisia. Ukijua mtoto wa kwanza alibatizwa lini, anza kutafuta miaka miwili mitatu kabla ya hapo.
- Jina la parishi ya mmoja wao angalau. Jina la kaunti peke yake ni pana mno.
- Ramani ya dayosisi za wakati ule. Za leo zitakupotosha, na sababu utaiona katika hatua ya 2.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ambayo haina malipo. Findmypast na Ancestry ni za kulipia, ila maktaba nyingi za Uingereza huwaruhusu wasomaji kuzitumia bure wakiwa ndani ya jengo.
- Daftari. Andika kila mahali ulipotafuta, hata ulipokosa. Usipofanya hivyo utarudia kazi ile ile baada ya miezi sita.

Kama babu unayemfuatilia alizaliwa karne ya 20 au mwishoni mwa karne ya 19, huu si mwanzo wako. Anza na vyeti vya serikali vya kuzaliwa na vya ndoa, urudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi ufike 1837. Kuruka vizazi kwa sababu umeona jina linalofanana ndiko kunakowaingiza watu katika ukoo wa wenyewe.

Hatua ya 1: Anza na rejista ya ndoa

Tafuta kwanza ndoa yenyewe katika rejista ya parishi. Tangu tarehe 25 Machi 1754, sheria inayojulikana kwa jina la Lord Hardwicke ilipoanza kutumika, ndoa ziliandikwa kwa mpangilio maalumu, na upesi makanisa yakawa na vitabu vya fomu zilizochapwa. Humo kasisi alitaja kama ndoa ilifungwa kwa matangazo au kwa leseni. Neno utakalolitafuta ni "licence", au kifupi chake "lic." Chini yake kuna saini za wachumba, za mashahidi wawili na ya kasisi.

Kabla ya 1754 rejista nyingi hutoa majina na tarehe tu. Baadhi ya makasisi waliongeza "lic." pembeni. Usipoiona, usihitimishe kwamba leseni haikuwapo.

Jihadhari na ndoa za baada ya tarehe 1 Julai 1837. Kuanzia hapo palikuwa na leseni za aina mbili: ya kanisa, na ya msajili wa serikali. Cheti kikionyesha ndoa ilifungwa kwa leseni katika ofisi ya msajili au katika kanisa lisilo la Kianglikana, usipoteze muda kwenye nyaraka za askofu. Leseni hiyo haikupita kwake.

Hatua ya 2: Jiulize ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama utapata kitu. Hapakuwa na ofisi moja ya taifa. Mamlaka yalikuwa ya ngazi, na mchumba alikwenda ngazi iliyolingana na makazi ya wote wawili.

Wote wawili wakikaa katika dayosisi moja, leseni ilitolewa na askofu wa hapo. Askofu hakukaa mezani mwenyewe: aliwapa madaraka makasisi katika miji mbalimbali ili watu wasisafiri mbali. Katika sehemu nyingine mashemasi wakuu walio chini ya askofu nao walitoa.

Wakikaa katika dayosisi mbili tofauti, walipanda kwa askofu mkuu. Kanisa la Uingereza lina majimbo mawili, Canterbury kusini na York kaskazini. Kwa jimbo la Canterbury walikwenda ofisi ya Vicar-General, yaani naibu wa askofu mkuu katika mambo ya sheria. Kwa York, kwa maofisa wa askofu mkuu wa huko. Mmoja akiwa wa jimbo la Canterbury na mwenzake wa York, ofisi iliyohusika ni Faculty Office ya askofu mkuu wa Canterbury, ambayo leseni zake zilitambuliwa katika majimbo yote mawili. Lakini hesabu hii haikufuatwa kila mara. Watu waliokaa London au kupita London waliziendea ofisi za askofu mkuu hata pale ambapo askofu wao angetosha, kwa kuwa zilikuwa karibu au kwa kuwa zilikuwa na hadhi.

Kulikuwa pia na parishi zilizotengwa na mamlaka ya askofu, zenye mahakama na leseni zao. Westminster chini ya mkuu (Dean) wa Abasia yake ni mfano mmoja. St Katharine karibu na Mnara wa London ni mwingine.

Sasa ile ramani. Mipaka ya dayosisi ilibadilishwa sana kuanzia 1836. Kabla ya hapo Nottinghamshire ilikuwa chini ya York, Lancashire ilikuwa chini ya Chester, na dayosisi ya Lincoln ilianzia mto Humber ikashuka mpaka Buckinghamshire. Southwark, ambayo leo kila mtu anaiita London, ilikuwa chini ya Winchester kwa sababu iko kusini ya mto Thames. Mwenye babu wa Southwark akitafuta katika nyaraka za askofu wa London peke yake atakesha bure.

Neno moja kuhusu "special licence". Hiyo ilitolewa na askofu mkuu wa Canterbury peke yake, ikaruhusu ndoa mahali popote na saa yoyote. Zilikuwa chache na waliozipata hasa ni watu wa tabaka la juu. Simulizi za ukoo hupenda kusema "walioana kwa leseni maalumu". Karibu kila mara ni leseni ya kawaida.

Hatua ya 3: Tafuta katika faharasa

Ukishajua ngazi, nenda palipo na nyaraka zake.

Nyaraka za maofisa wa Canterbury ziko Lambeth Palace Library, London. Viapo vya Faculty Office vinaanza 1632 na vya Vicar-General vinaanza 1660. Faharasa za ofisi zote mbili, zilizoandaliwa na Society of Genealogists, zipo Findmypast. Nyaraka za York ziko Borthwick Institute katika Chuo Kikuu cha York. Za askofu wa London ziko katika hifadhi iliyoitwa kwa miaka mingi London Metropolitan Archives, sasa The London Archives, na Ancestry ina picha za viapo na dhamana za London na Surrey. Za Wales ziko Maktaba ya Taifa huko Aberystwyth, yenye faharasa ya mtandaoni isiyo na malipo. Dayosisi nyingine nyaraka zake mara nyingi ziko katika hifadhi ya kaunti ulipo mji wa askofu.

Usiandikie National Archives ya Kew ukiomba leseni ya askofu. Leseni hizo hazikuwa mali ya serikali na hazikupelekwa huko. Katalogi yao ya Discovery ni msaada mkubwa, hata hivyo, maana inaorodhesha pia vilivyomo katika hifadhi za kaunti.

Tafuta kwa jina la mwanamume, kisha rudia kwa jina la mwanamke. Faharasa za zamani nyingine zilipangwa kwa wanaume tu. Ukikosa, punguza herufi: tumia alama ya nyota badala ya sehemu ya jina unayoishuku.

Hatua ya 4: Agiza picha ya hati yenyewe

Faharasa itakupa majina mawili, mwaka, na pengine parishi. Usiishie hapo. Umri, kazi, jina la mzazi aliyetoa ridhaa, jina la mdhamini, saini: vyote hivyo vimo katika hati, na mara nyingi ndivyo vinavyokutofautishia watu wawili wenye jina moja. Hifadhi nyingi hupokea maombi kwa barua pepe na kukupa bei ya nakala. Uwaandikie majina yote mawili, tarehe, na nambari ya kumbukumbu kama ulivyoikuta katika katalogi.

Hatua ya 5: Tambua umeshika hati gani

Watu husema "leseni" kwa karatasi yoyote, lakini ni hati tatu.

Leseni yenyewe alikabidhiwa mchumba, naye akampelekea kasisi wa kufungisha. Nyingi zimepotea, chache zimebaki katika makasha ya parishi.

Kiapo, ambacho katalogi hukiita "allegation", kilibaki ofisini. Ni maelezo aliyoapa mmoja wa wachumba, kwa kawaida mwanamume, kwamba hakuna pingamizi.

Dhamana, yaani "bond", nayo ilibaki ofisini. Ni ahadi ya fedha iliyotiwa saini na watu wawili. Dhamana zilikoma kwa sheria ya ndoa ya 1823. Baada ya hapo utakuta viapo tu.

Kwa hiyo unachokitafuta kwa kweli ni kiapo na dhamana. Ukimwomba mtunza nyaraka "leseni" na akajibu kwamba hawana, muulize tena kwa majina hayo mawili.

Hatua ya 6: Kisome kiapo neno kwa neno

Karne ya 18 na ya 19 kiapo ni fomu iliyochapwa yenye nafasi za kujaza, kwa hiyo usiogope mwandiko. Soma kwanza yaliyochapwa, halafu yaliyojazwa kwa mkono. Utakutana na mambo haya:

Hali ya ndoa. "Bachelor" hajaoa, "spinster" hajaolewa, "widower" ni mgane, "widow" ni mjane. Neno "widow" lina thamani kubwa kwako: jina la mwanamke lililoandikwa ni la mume aliyefariki, si la baba yake. Lazima urudi kutafuta ndoa ya kwanza kabla ya kujua alizaliwa katika ukoo gani.

Umri. "21 and upwards" maana yake ametimiza miaka 21 au zaidi. Anaweza kuwa na 21 au 60. Wengi husoma hapo "ana miaka 21", wakahesabu mwaka wa kuzaliwa, wakamtafuta mtoto asiye wake. Umri wa tarakimu kama 25 au 30 nao mara nyingi ulikadiriwa tu.

Ridhaa. Aliye chini ya miaka 21 alihitaji ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mlezi au ya mama. Hapa ndipo hati inapokupa kizazi kingine bila jasho, kwa sababu mzazi anatajwa kwa jina. Kati ya 1754 na 1822 ndoa ya leseni ya aliye chini ya umri bila ridhaa ilikuwa batili kabisa, wala haikutosha kusema baadaye kwamba wazazi wamesamehe. Vijana waliokataliwa na wazazi walikuwa na sababu kubwa ya kudanganya umri. Ukikuta "21 and upwards", linganisha na rejista ya ubatizo.

Makazi. Maneno "of the parish of..." yanaonyesha mahali alipokaa wakati ule, si alikozaliwa. Sheria ya 1754 ilidai mmoja wao awe amekaa katika parishi ya kufungia ndoa kwa wiki nne kabla ya leseni. Tangu 1823 zikawa siku 15. Mtu aliyepanga chumba kwa muda huo tayari aliandikwa wa parishi hiyo. Nimeona miti ya ukoo iliyojengwa mijini London kwa vizazi vinne juu ya chumba cha kupanga, na huko ni kuwaibia watu asili yao.

Kanisa. Kiapo hutaja kanisa ambamo ndoa itafungwa, wakati mwingine mawili au matatu. Yanakili yote.

Hatua ya 7: Isome dhamana, hasa majina ya wadhamini

Dhamana ina sehemu mbili. Ya kwanza inasema watu wawili wanadaiwa na askofu kiasi fulani. Ya pili inaeleza sharti: ikiwa hakuna undugu unaokataza, hakuna mkataba na mtu mwingine, na ndoa ikifungwa kwa utaratibu, basi deni hilo linafutika. Hadi 1733 sehemu ya kwanza iliandikwa kwa Kilatini na huanza "Noverint universi", yaani watu wote na wajue. Baada ya hapo ni "Know all men". Ya pili ni Kiingereza. Kama Kilatini hukijui, chukua majina, chukua kiasi, endelea chini. "Quadraginta" ni 40, "centum" ni 100, "ducentis" ni 200.

Kuhusu zile pauni 200: hakuna aliyezitoa. Kilikuwa kiasi cha adhabu, kikidaiwa tu endapo kiapo kingeonekana cha uongo. Hakikuonyesha utajiri wa mtu. Kilifuata kawaida ya ofisi, na ndiyo sababu utaona kiasi kile kile kikirudiwa ukurasa baada ya ukurasa.

Majina ya wadhamini ndiyo hazina. Mara nyingi mmoja ni bwana harusi mwenyewe na wa pili ni baba, kaka, shemeji au jirani. Hati inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine ninazozijua ni dhamana ya William Shakespeare, ya tarehe 28 Novemba 1582, iliyotolewa kwa askofu wa Worcester. Kiasi ni pauni 40. Waliotia dhamana ni Fulk Sandells na John Richardson, wakulima wa Stratford. Si baba ya kijana, wala kijana mwenyewe, aliyekuwa na miaka 18 tu. Ni akina nani hao? Wanaonekana tena katika wosia wa Richard Hathaway, baba wa bibi harusi, aliyefariki mwaka uliotangulia: Sandells ametajwa kuusimamia na Richardson ni shahidi. Basi waliokwenda Worcester ni marafiki wa marehemu, wakisimama mahali pa baba kwa ajili ya binti yake. Anne alikuwa na mimba. Mtoto wao Susanna alibatizwa tarehe 26 Mei 1583. Majilio yalikuwa karibu kuanza, kipindi ambacho kanisa halikutangaza ndoa, na dhamana inawaruhusu kuoana baada ya kutangazwa mara moja badala ya tatu. Haraka, hofu na wema wa majirani vyote vimo katika karatasi moja, kwa anayejua kuuliza wadhamini ni akina nani.

Fanya hivyo hivyo na wa kwako. Chukua jina la kila mdhamini ulitafute katika wosia, ubatizo na ndoa za parishi ile. Lakini fahamu mambo mawili. Baadhi ya wadhamini ni makarani au wenye nyumba za wageni katika mji wa askofu, wasiomjua mchumba. Na katika ofisi nyingine mdhamini wa pili ni jina la kubuni la wanasheria, kama John Doe. Huyo usimfuatilie.

Hatua ya 8: Nyoosha tarehe

Hadi 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Dhamana iliyoandikwa 10 Februari 1720 kwa hesabu yetu ni Februari 1721. Iandike 1720/1 ili anayekufuata aelewe. Ukisahau hili, utamkuta mtoto amebatizwa miezi kadhaa "kabla" ya ndoa, ukamtilia shaka mama wa watu bure.

Dhamana nyingi hutaja pia mwaka wa utawala wa mfalme. Mwaka wa 10 wa George II, kwa mfano, ni kuanzia Juni 1736 hadi Juni 1737, kwa sababu alirithi kiti Juni 1727 na mwaka wa kwanza unahesabiwa kuanzia hapo.

Hatua ya 9: Rudi kwenye rejista uthibitishe ndoa

Nenda kwenye kila kanisa lililotajwa katika kiapo. Anza na siku ile ile ya leseni, kwa sababu wengi walioana siku hiyo au ndani ya siku chache. Sheria ya 1823 iliipa leseni miezi mitatu, baada ya hapo ilibidi kuchukua nyingine.

Linganisha saini ya kiapo na ya rejista. Kama mmoja anaandika jina lake kwa mkono mzuri na mwingine anatia alama ya X, huenda ni watu wawili.

Ukiipata ndoa, andika tarehe zote mbili, kila moja na hati yake. Usipoipata, andika "leseni ilitolewa" na tarehe yake, uache nafasi ya ndoa wazi.

Ukikwama

*Leseni ipo, ndoa haionekani.* Tafuta katika parishi ya bibi harusi, kisha parishi za jirani na za mji wa askofu. Halafu tafuta ubatizo wa watoto: wakionekana watoto wa wawili hao, ndoa pengine ilifungwa na rejista imepotea. Ndoa ya Shakespeare mwenyewe haijapatikana katika rejista yoyote mpaka leo, na hakuna anayesema hakuoa.

*Rejista inasema leseni, hati haipatikani.* Panda ngazi. Umetafuta kwa askofu. Tafuta kwa shemasi mkuu, halafu Vicar-General, halafu Faculty Office. Angalia pia kama parishi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizojitenga. Ikiwa ndoa ni ya miaka ya 1650, acha: mahakama za kanisa zilikuwa zimevunjwa, na tangu mwishoni mwa Septemba 1653 ndoa zilifungwa mbele ya mahakimu wa serikali. Viapo vya Vicar-General vinaanza 1660 kwa sababu hiyo.

*Hati mbili zinagongana.* Usiunde mtu mpya upesi. Siku moja kabla ya dhamana ya Shakespeare, rejista ya askofu wa Worcester iliandika leseni yake na Anne Whateley wa Temple Grafton. Dhamana inasema Anne Hathaway wa Stratford. Kuna waliobuni mchumba wa pili aliyeachwa. Wanahistoria wengi wanaona karani alikosea, kwa kuwa siku hiyo hiyo alikuwa akiandika kesi ya mtu aliyeitwa Whateley. Hati mbili zikigongana, iamini zaidi ile iliyotiwa saini na watu wanaomjua mhusika kuliko orodha aliyoinakili karani.

*Mwandiko hausomeki.* Andika kwenye karatasi herufi unazozijua kutoka maneno yaliyo wazi, kama jina la parishi, uzilinganishe na neno gumu. Herufi "s" ndefu hufanana na "f", na "ff" mwanzoni mwa jina ni "F" kubwa tu. "Wm" ni William, "Thos" ni Thomas, "Jas" ni James wala si Jason.

*Ukoo unaelekea Ireland.* Dhamana za ndoa za huko karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, jengo la Four Courts lilipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Faharasa zake nyingi zilinusurika, na ziko katika hifadhi ya taifa ya Ireland. Zina majina ya wawili hao na mwaka. Yachukue hayo, uandike pembeni kwamba hati yenyewe haipo tena, ili mjukuu wako asiende kuitafuta.